Mungu si Mfungwa wa Mawazo Yetu

Ziko dhambi ambazo kila mkristu huzitambua upesi: wizi, uongo, uzinzi, matukano. Lakini liko kosa lingine lililo gumu kuonekana, kwa sababu huvaa nguo ya ibada. Ni kosa la mtu asemaye moyoni: «Mimi namjua Mungu, najua anapopenda kukaa, tena najua asipoweza kufika.» Mtu huyo hamkani Mungu. Humfungia nyumbani mwake tu, kama mtu afungiavyo mbuzi wake jioni.

Tumtazame Mtume Petro katika Matendo ya Mitume, sura ya 10. Petro alikuwa amefuatana na Bwana Yezu, amemwona mfufuka, amekwisha kumpokea Roho Mtakatifu. Hata hivyo alishika bado wazo moja la zamani, kwamba Myahudi mwema haingii nyumbani mwa mtu wa taifa lingine. Siku moja huko Yafa, yapata saa sita ya mchana, alipanda juu ya dari kusali. Akaona kitu kama nguo kubwa kikishuka toka mbinguni, na ndani yake wanyama wa kila namna. Aliambiwa ale, akakataa. Jambo hilo likatendeka mara tatu. Alikataa akidhani anamtii Mungu, kumbe alikuwa akimbishia Mungu mwenyewe.

Tena maono peke yake hayakumtosha. Alibaki akijiuliza maana yake, mpaka wajumbe wa Kornelio, akida wa askari Waroma, walipofika mlangoni. Akaenda nao Kaisaria, akaingia nyumbani, akamsikia Kornelio akisimulia sala zake. Hapo ndipo alipofahamu. Mungu alimfundisha Petro habari za Mungu kwa kinywa cha mtu ambaye Petro asingalikanyaga kizingiti chake.

Kwa hiyo mawazo madogo juu ya jirani na mawazo madogo juu ya Mungu ni ndugu wa tumbo moja. Anayesema, «Watu wale hawana kitu,» anasema pia, pasipo kujua, «Mungu hakuwapa kitu.»

Katika nchi yetu pia tunao mfano. Padri Placide Tempels, Mfransiskano kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi katika Katanga kati ya Waluba. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba mwanzoni alikuja kama mkubwa, mwenye kuleta yote kwa watu wasio na lolote. Alifundisha, lakini mioyo haikufunguka. Ndipo alipoanza kuwauliza watu wao ni nani na wanatamani nini, akanyamaza kuwasikiliza. Mwaka 1945 kilitokea kwa Kifaransa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Miaka ya 1950, huko Kolwezi, mazungumzo yake na wafanyakazi wa migodi na wake zao yalizaa Jamaa, ambayo mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Mwalimu aligeuka mwanafunzi, na hapo ndipo alipopata kuwa mwalimu kweli.

Lakini tusidhani kazi hii huisha siku moja. Petro huyo huyo, alipokuwa Antiokia, aliacha kula pamoja na wasiotahiriwa kwa kuogopa watu, hata Paulo akamkaripia mbele ya wote. Naye Tempels alilaumiwa na wanafalsafa Waafrika, kama Paulin Hountondji wa Benin, kwa kusema kana kwamba Wabantu wote hufikiri mamoja. Aliyebomoa ukuta mmoja aweza kujenga mwingine kwa mawe yale yale.

Labda mtu atauliza: «Nikiacha mawazo yangu juu ya Mungu, sitapoteza imani?» Ni swali jema. Lakini Petro hakupoteza imani. Nyumbani mwa Kornelio alimhubiri Yezu aliyekufa na kufufuka, akaamuru wale watu wabatizwe. Kilichoanguka ni mpaka aliokuwa amemwekea Mungu. Imani yasema: «Mungu amesema nami.» Wazo finyu laongeza: «Wala hawezi kusema na mwingine.»

Jambo hili si la vitabu tu. Baba akifa au kazi ikipotea, pengine mtoto huitwa mchawi, akafukuzwa, na wanaomfukuza hudhani wanamtetea Mungu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda watoto, yakataza mashtaka hayo. Lakini sheria haiwezi kuingia moyoni mwa mtu. Vivyo hivyo mkimbizi wa kabila lingine hukaa nyuma kanisani, Dominika baada ya Dominika, wala hakuna amwulizaye jina lake.

Basi, tufanye nini? Juma hili kila mmoja amchague mtu ambaye anadhani amekwisha kumjua. Amwendee, akae kwake, ale chakula chake, amsikilize kabla ya kumfundisha. Na usiku, akipiga magoti, aseme: «Bwana, katika mawazo yangu juu yako, yaliyo yako uniachie; yaliyo ya woga wangu uyaondoe.»