Haki ya Paka Aliyenunuliwa

Ndugu mmoja katika darsa yetu alituletea masala. Mwanawe aliyeko nchi za Ghuba ataka kurudi na paka wa kabila la Bengal, mwenye madoa mfano wa chui, aliyemnunua kwa zaidi ya dola 1,000. Ndugu yetu auliza: Je, yajuzu? Baadhi ya waliohudhuria walicheka, wakasema paka ni paka. Sisi hatukucheka, kwani ndani ya masala haya madogo mna swali kubwa: mtu amilikipo kiumbe chenye roho, huwa amemiliki nini, na yeye huwa amejitwika nini?

Kwanza tumjue paka mwenyewe. Asili ya kabila hili ni Marekani. Mwaka 1963 bibi mmoja, Jean Mill, alimzalisha paka mdogo wa mwituni wa bara la Asia pamoja na paka wa nyumbani. Kazi hiyo ilisita, akairudia katika miaka ya 1980, na mwaka 1986 shirika la TICA likalipokea kuwa ni kabila jipya. Madume wa vizazi vya mwanzo aghalabu huwa tasa, na wanaofaa kufugwa nyumbani huhesabiwa tangu kizazi cha nne. Hawaii imewakataza kabisa, na Uingereza kizazi cha kwanza hakifugwi ila kwa leseni.

Ama hukumu yake, wako wasemao kwamba huku ni kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hatuoni kuwa hoja hiyo yatosha peke yake. Nyumbu ni mtoto wa punda na farasi, na Mtume (S.A.W.) alimpanda nyumbu, ingawa imepokewa pia kwamba hakupendezwa na kupandishwa punda juu ya farasi. Wala si najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafi wanyama wote walio hai ni tahiri ila mbwa na nguruwe na kizazi chao. Na paka khasa amesifiwa katika Hadithi ya Abu Qatada kuwa ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu.

Ama bei, Imam Muslim amepokea kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) alikemea thamani ya paka. Wanazuoni walio wengi wamejuzisha kumuuza, na Imam Nawawi ameeleza kuwa miongoni mwa maana za kemeo hilo ni kuwazoeza watu kupeana paka kwa hiba na ukarimu. Basi tazameni, ndugu zetu, tulivyokwenda mbali! Kitu ambacho adabu yake ni kupeana, leo chanunuliwa kwa fedha ya kumlisha yatima miezi mingi, ili jirani aone na asifu. Hatusemi ni haramu. Twasema mwenye kununua aulize moyo wake: je, ampenda kiumbe, au apenda macho ya watu?

Lakini jambo zito zaidi ni haki ya paka baada ya kununuliwa. Sote twaijua Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hii yaonyesha milango miwili: kulisha, au kuacha. Paka wa vichochoroni mwetu anayo yote miwili. Paka huyu wa Bengal mlango wa pili amefungiwa. Akiachwa nje huibwa, au hugongwa na gari. Basi umebaki mlango mmoja, na uzito wote wa haki umemwangukia mwenyewe.

Na kulisha si kumtupia makombo ya wali. Mwili wa paka wahitaji kitu kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki; akikikosa hupofuka na moyo wake hudhoofika. Ahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na daktari wa wanyama. Na huyu khasa ana damu ya mwituni: apenda kuparamia, kucheza na maji, kukimbia, na kupiga kelele aachwapo pweke. Kumfungia chumba kimoja tangu asubuhi hata magharibi, hata sahani yake ikijaa, ni kumfunga. Katika kitabu cha Minhaji, kisomwacho pwani yetu tangu zamani, imeelezwa kwamba mwenye mnyama asiyeliwa akikataa kumlisha hulazimishwa amlishe au amuuze. Haki hii yadaiwa mbele ya kadhi. Si huruma ya mtu kupenda.

Na sisi tusio na fedha za paka wa kigeni, tusijione tumesalimika. Ni wangapi kwetu wanaotia watoto wa paka katika kikapu, macho hayajafunguka, wakawatupa soko la samaki, wakisema Mungu atawaruzuku? Hiyo si tawakali. Kiumbe kisichoweza kutembea hakikuachwa huru, kimetupwa. Wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa. Nasi twamwinga mama, twawatupa wanawe, kisha twasimuliana sifa za Abu Huraira barazani.

Jawabu tulilompa ndugu yetu ni hili. Kama mwanawe atakuwa na nafasi, subira na riziki ya kumtunza paka yule kwa umri wake wote, ambao waweza kupita miaka 12, na asiwapunje jamaa zake wenye haki, basi na aje naye. Kama atamwachia mama yake mzee na yeye arudi Ghuba, basi ampe huko huko mtu atakayemweza, bila ya kutaka bei. Kijana atatumia ipi katika njia hizi, bado hajamjibu baba yake.

Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake tutaulizwa habari ya kila tulichokiweka chini ya mikono yetu.