Mhadhiri Tunayemla Angali Hai

Hakuna Mkenya atakayesimama mbele ya Mungu aseme hakujua. Tunajua kwamba wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu vya umma hugoma ili walipwe pesa ambazo serikali ilishatia saini kuwalipa. Tulijua mwaka 2017, walipoacha madarasa kudai mkataba wa 2013 hadi 2017, uliokuwa ukikaribia kwisha bila kutekelezwa. Tulijua mwaka 2018. Tulijua mwaka 2024. Tulijua mwaka 2025, mgomo ulipofika siku 49 kwa ajili ya shilingi bilioni 7.9 za mkataba ambao muda wake ulikwisha tangu 2021. Na kila mara tulikuwa na swali moja tu: watoto wetu watarudi darasani lini? Nani kati yetu aliuliza mwalimu huyo watoto wake wanakula nini?

Hatukuuliza kwa sababu jibu lingetugharimu.

Anzeni naye akiwa kijana. Ndiye aliyeongoza darasa lake, mwalimu wake akamwambia baki hapa, taifa linakuhitaji. Akabaki. Wenzake wakaenda benki na kwenye mashirika. Yeye akapewa vipindi vya kumchosha farasi, wanafunzi mamia, na kiti kisicho na meza. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikataka kila mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, ikaweka miaka mitano. Sharti zuri. Lakini nani alitenga pesa za kumsomesha? Nani alimpunguzia vipindi apate kuandika? Analipa karo kutoka mfukoni mwake, mara nyingi katika chuo kilekile kinachomcheleweshea mshahara. Na sura ya tatu ya tasnifu yake imelala mezani kwa msimamizi tangu Januari. Septemba inafika, bado imelala. Maprofesa, hapo nawaambia ninyi. Mlisomeshwa kwa kodi ya wakulima wa kahawa na chai, wengine wenu mkapelekwa hadi Uingereza na Marekani kwa gharama ya umma. Leo mnamketisha mtoto wa mkulima yuleyule kwenye benchi nje ya mlango wenu, na makala aliyokesha akiiandika mnaitoa kwa jina lenu likitangulia. Huko ndiko kumlea?

Huo ni wizi, nanyi mnalijua jina lake.

Halafu kuna yule tunayemwita mhadhiri wa muda, na muda wenyewe umeingia mwaka wa kumi. Mtazameni Jumanne moja tu. Saa mbili asubuhi anafundisha kampasi ya mjini. Saa tano yuko ndani ya matatu, karatasi za mtihani mapajani, anasahihisha kwa kalamu nyekundu gari likirukaruka. Saa nane yuko chuo kingine, jioni chuo cha tatu. Mwisho wa muhula anajaza fomu ya madai. Mwenyekiti wa idara anatia saini, mkuu wa kitivo anatia saini, fomu inaingia ofisi ya uhasibu na haitoki. Akiuliza, anaambiwa pesa hazijaingia. Akiuliza tena mwaka unaofuata, anaambiwa fomu haionekani, ajaze nyingine. Na siku anapozizuia alama ili alipwe, sote tunamrukia: hana utu, anawaonea wanafunzi! Mwanafunzi akikosa alama za somo moja tunafika hadi redioni. Mwalimu akikosa malipo ya mihula minne tunamwambia avumilie, ualimu ni wito.

Mwenye nyumba wake hapokei wito.

Wala tusiseme pesa hazikuwapo. Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipowafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia na vyuo vingine vikafuata, mamilioni yalimiminika. Tulijenga minara, tukanunua magari ya wakubwa, tukafungua kampasi juu ya maduka, na kila kaunti ikataka chuo kikuu chake. Mhadhiri akafundisha asubuhi, jioni na Jumamosi. Utafiti aliuweka kando, na hakuna aliyemuuliza kwa nini haandiki, maana karo ilikuwa inaingia. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yaliposhuka mwaka 2016 na wanafunzi hao wa kujilipia wakaadimika, ndipo tulipomgeukia: machapisho yako yako wapi? Tukamnyima cheo kwa kutofanya kazi ambayo sisi wenyewe tulimzuia kuifanya.

Lakini linaloniumiza kuliko yote ni hati yake ya mshahara. Isomeni. Pensheni, imekatwa. Sacco, imekatwa. Mkopo wa benki, umekatwa. Kila mstari una tarakimu zake hadi senti. Kisha benki inampigia simu kwamba hajalipa kwa miezi mitano, na Sacco inamnyima mkopo wa karo ya mwanawe kwa kuwa michango yake haijafika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amelisema jambo hili ripoti baada ya ripoti: vyuo vya umma vinakata na havipeleki, na deni ni la mabilioni. Nani amefungwa? Mzee anastaafu, anaanza kupanda ngazi za ofisi ileile kuomba pesa zake kwa kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe. Anaugua, tunachanga. Anakufa, naibu chansela anatuma rambirambi akimwita nguzo ya taaluma. Pensheni yake bado haijaonekana.

Tumeizoea tabia hii ya kumdharau mhadhiri tangu zamani. Mwaka 1980 serikali ilikifuta chama cha wahadhiri, kikakaa bila usajili hadi 2003. Mwaka 1982 wahadhiri walitiwa kizuizini, Willy Mutunga na Alamin Mazrui miongoni mwao, na wengi waliobaki wakajifunza kunong'ona. Kabla yao, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alitoka kizuizini Desemba 1978, na Chuo Kikuu cha Nairobi hakikumrudishia kazi yake ya uhadhiri. Akafundisha watoto wa wengine, akazeeka ughaibuni, akafia Marekani Mei 2025. Jinsi tulivyomlilia! Wanasiasa na wasomi walishindana kumtaja. Hazikupita miezi minne, wanaofundisha vitabu vyake walikuwa barabarani wakidai haki yao.

Tunawapenda wasomi wetu wakishakuwa maiti.

Na msiniambie ni serikali peke yake. Serikali tumeichagua sisi. Wanaokaa kwenye mabaraza ya vyuo ni ndugu zetu, na tunajivunia uteuzi wao. Karo tunalipa bila kuuliza inaishia wapi. Ninyi wabunge mnaopenda kuitwa Daktari mnapitisha bajeti mkijua haitoshi. Ninyi manaibu chansela mlikuwa wahadhiri jana. Mmesahau upesi mno. Mwezi huu pensheni itakatwa tena. Aliyeikata aseme mbele ya watu ameipeleka wapi, na asiyeweza kusema aiache ofisi kabla ya mshahara wa mwezi ujao.