Aliyelipa na Asiyelipa

Anayetengeneza filamu kutokana na kazi ya mtu mwingine anadaiwa nini? Darasani jibu huja haraka: anadaiwa ruhusa na malipo. Mimi naona jibu hilo halitoshi, na nitalipima kwa filamu niliyoitazama katika kibanda cha video huko Kisenyi, Kampala, mtaa wa mashine za kusaga mahindi na mikahawa ya Wasomali.

Filamu yenyewe ni Ghost in the Shell ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Rupert Sanders. Imetokana na manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, ambayo Masamune Shirow alianza kuichapisha mwaka 1989. Ni hadithi ya wakati ujao, ambapo ubongo wa binadamu unaweza kutiwa katika mwili wa mashine. Mhusika mkuu wa manga ni Motoko Kusanagi. Katika filamu anaitwa Mira Killian, na ameigizwa na Scarlett Johansson. Wengi walilalamika kwamba Mjapani amenyang'anywa nafasi yake. Mamoru Oshii, aliyeitengeneza hadithi hiyo kwa katuni mwaka 1995, hakuona kosa: mwili wa mhusika huyu umetoka kiwandani, basi kwa nini ulazimishwe kuwa na sura ya taifa fulani?

Hoja ya Oshii ni nzito, lakini filamu yenyewe inaipinga. Mira ameambiwa kwamba alikuja na wazazi wake kwa mashua ya wakimbizi, mashua ikazama, wazazi wakafa. Ni uongo. Alikuwa msichana wa Kijapani, Motoko, na mama yake yu hai. Kampuni ilimchukua, ikamfuta jina, ikampa uso mwingine. Wanapotaka kugusa mwili au kumbukumbu zake humwomba atamke kwamba amekubali. Baadaye daktari anamwambia kuwa kukubali kwake hakukuhitajika kamwe. Filamu inailaani kampuni hiyo, huku yenyewe imefanya lile lile: imemficha Motoko ndani ya Mira. Ila yenyewe ilikuwa na mkataba.

Kibandani hakuna mkataba. VJ, kama tunavyowaita wafasiri wa sinema hapa Uganda, husimulia kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Anafasiri, anatania, anawatukana maadui, anaongeza yake. Yule niliyemsikia alimwita Mira "Nakato", jina la pacha wa kike anayezaliwa wa pili, na sidhani lipo jina linalomfaa zaidi mtu mwenye nafsi mbili. Ilipofika habari ya mashua, vijana waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza. Kisenyi wanaishi watu wengi waliokimbia vita Somalia. Kwao habari hiyo haikuwa ya wakati ujao.

Kisheria mwenye hatia ni VJ. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri, na VJ hakumwomba mtu. Lakini VJ hafichi kitu. Chini ya Kiganda chake Kiingereza bado kinasikika, na hakuna anayetoka kibandani akidhani kwamba Nakato alizaliwa Masaka.

Kwa hiyo naona madeni mawili. La kwanza ni la mali, nalo hulipwa kwa fedha. La pili ni la asili, nalo hulipwa kwa kuacha ionekane kwamba palikuwa na mtu kabla yako. Studio ililipa la kwanza. Jina la Shirow limeandikwa, ni kweli, lakini Motoko ndiye aliyefichwa. Mwenzangu anayesoma sheria ananiambia deni la pili ni adabu tu, kwa kuwa hakuna mahakama ya kulidai. Simkubalii. Mtu akinunua kilima cha babu yako kwa hati halali kisha akakibadilisha jina, wajukuu wana neno la kumwambia, hata kama hakimu hana.

Hata hivyo simtetei VJ mpaka mwisho. Ma-VJ nao hulalamika kwamba sinema walizozitia sauti hunakiliwa na kuuzwa bila wao kupata kitu, na wana haki kulalamika. Basi hawawezi kuliona deni la mali kuwa dogo pale tu mdai anapoishi Tokyo au Los Angeles.