Bei Pamoja na Chai

Mara ya kwanza nilikwenda Kilwa Kisiwani kama tunavyokwenda wengi: saa nne asubuhi nimeshuka kwenye mashua, nimepiga picha Msikiti Mkuu, saa nane niko ndani ya basi. Nilipoulizwa nyumbani Kilwa kukoje, nilitoa simu nikaonyesha picha. La kusema sikuwa nalo.

Safari hii nililala Kilwa Masoko, ng'ambo ya kisiwa, siku nne, kwa bibi mmoja aliyetenga vyumba vitatu vya wageni uani kwake. Kitanda, chandarua, dirisha linalotazama minazi. Bei pamoja na chai, aliniambia. Chai yenyewe ilikuwa ya tangawizi, kwa mihogo ya kuchemsha na changu wa kukaanga, na kila asubuhi bibi alivuta kigoda akaketi nami. "Kwangu mgeni hali peke yake," alisema.

Hapo penye chai ndipo nilipoanza kuisikia Kilwa. Nilikuwa nimesoma kwamba UNESCO iliyaingiza magofu yale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, kwamba mwaka 2004 yalitajwa kuwa hatarini, na mwaka 2014 hatari hiyo ikaondolewa baada ya ukarabati. Kwake bibi, hiyo ni miaka ambayo mwanawe alivuka maji kwenda kubeba mawe na chokaa, jioni akirudi mweupe mpaka kope.

Nilivuka tena, mara hii bila haraka. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba zaidi ya mia moja, na birika la pembe nane juu kabisa ya bahari. Nilikaa pale hadi jua likawa kali. Dhahabu ya Sofala ndiyo iliyojenga ukwasi ule, na ukwasi ule ndio uliowaleta Wareno mwaka 1505 kupora. Lakini msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alisimulia zaidi ukarimu. Fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaahidi kumpa. Fakiri akataka saa ile ile. Sultani akarudi ndani, akabadili, akampa.

Naamini kisa kama hicho humfikia mtu aliyekaribishwa. Mpita njia huondoka na kuta tu. Na inaniuma kwamba sisi wenyeji wa nchi hii ndio tunaoongoza kwa kupita.

Asubuhi ya mwisho nililipa. Bibi alihesabu noti, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaingia jikoni. Alitoka na mfuko wa korosho, bado za moto.

"Bibi, na hizi ni kiasi gani?"

"Hizo si za gesti, mwanangu. Hizo ni zangu."