Mmea Ujilindao na Hukumu Yake

Wajibu wa mwenye kuhukumu ni kulijua jambo kwanza. Kuna kijidudu cha udongoni chenye sumu ya kuua viwavi. Wataalamu wameitoa asili ya sumu hiyo, iitwayo jeni, wakaitia katika mbegu ya mahindi, nao mmea ukajilinda nafsi yake pasi na dawa ya kiwandani. Mwezi wa Oktoba 2022 Serikali ya Kenya iliondoa katazo lake la mwaka 2012 juu ya mazao ya namna hii, na mashtaka yakafuata mahakamani.

Wako wasemao kuwa huku ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Sisi twasema: watu wa Madina walikuwa wakiichavusha mitende yao, na Mtume (S.A.W.) aliwaachia mambo ya dunia yao. Na huko Katumani, karibu na mji huu wa Machakos, wataalamu walizalisha mahindi yawahiyo kukomaa kabla ya mvua kukatika, nasi twayala.

Lakini mahindi ya Katumani mkulima huweka mbegu yake akaipanda tena. Je, mbegu hii mpya nayo itakuwa yake, au atatoka katika deni la dawa aingie katika deni la mbegu? Na auzaye unga wake bila kuubainisha, hiyo ni ghishi, hata ukiwa hauna dhara. Haramu tuiogopayo imo zaidi katika mizani ya sokoni kuliko shambani. Wallahu aalam.