Nguvu na Haki ya Kupumzika

Je, kupumzika ni sehemu ya kazi, au ni kuikimbia kazi? Swali hili huulizwa kwa nadra nchini mwetu, kwani tangu mwaka 1961 tulizoea kuutamka Uhuru pamoja na Kazi, na tulifanya vema. Mvivu hana mtetezi. Lakini aliyechoka si mvivu, na kutowatofautisha watu hao wawili ni kosa la fikra ambalo madhara yake huangukia miili ya wengine.

Tuitazame miteremko ya Kilimanjaro, ambako tangu zamani uhodari hupimwa kwa mzigo. Mwanamke wa Kichagga hushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe aliyefungwa kihambani, akapanda nayo kichwani. Hakufundishwa na mwalimu yeyote wa mazoezi ya viungo; hata hivyo, anapojitwika huchuchumaa, akanyoosha mgongo, kisha akainuka kwa nguvu ya mapaja. Mwaka 1986 wataalamu waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu huko Kenya walieleza kwamba wenye mazoea hayo waliweza kubeba mzigo wa sehemu ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Siri ilikuwa katika mwendo, si katika unene wa misuli. Aidha, mwili huizoea kazi ile ile unayopewa. Kijana anyanyuaye vyuma mjini Moshi hutanua kifua chake kweli, lakini mlima humdai mapaja, kiuno na pumzi.

Sasa misuli hukuaje? Nyuzi zake huumia kidogo kidogo zinapofanya kazi nzito, hasa wakati wa kuteremka, kwa maana paja hulazimika kunyooka huku likiuzuia uzito. Ndiyo sababu mgeni aliyefika kileleni, mita 5,895, kesho yake hushuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Maumivu huzidi siku ya pili au ya tatu. Katika siku hizo, kwa usingizi na chakula, hasa maharage, maziwa na nyama, mwili huzitengeneza nyuzi zikawa imara kuliko awali. Kazi huamsha tu ujenzi huo. Wenyewe hufanyika mtu anapopumzika. (Mwalimu amwadhibuye mwanafunzi kwa kumrusha kichurachura hadi aanguke hamjengi nguvu, bali humfundisha kuyachukia mazoezi.)

Wazee wa Kichagga walilijua jambo hili kwa namna yao. Kwa mila, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani kama miezi mitatu, asitwike wala asilime, akilishwa mtori na maziwa. Hakuna aliyemwita mvivu.

Lakini vipi mpagazi wa mlimani? Kanuni za Hifadhi humruhusu kilo 20, na mzigo hupimwa langoni. Kanuni hiyo ni njema. Ila mizani haimwulizi alishuka lini. Huenda alishuka juzi tu, na mapaja yake yamo katika siku ile ya maumivu. Wapo watakaosema kwamba amependa mwenyewe. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani ni heshima ya mtu mzima kujiamulia. Hata hivyo siikubali. Mtu anayechagua kati ya kulala nyumbani na karo ya mwanawe amekwisha kuchaguliwa. Nguvu zake ndizo mtaji wake, na ujira usiomtosha kwa siku za kupumzika umelipia kuchakaa kwa misuli yake, lakini haukulipia kujengeka kwake. Sehemu hiyo ya pili anaitoa bure, na siku moja goti au mgongo utamdai yeye peke yake. Bei ya safari ingepaswa kuhesabu siku za mlimani pamoja na zile za kitandani.

Mgeni hupewa cheti, akaenda kulala hotelini siku mbili, na hakuna amwulizaye kwa nini. Aliyembebea mikoba huuliza, kabla hajavua viatu, kama upo msafara mwingine.