Kubashiri Nia ya Mtu

Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Kuni zilikuwa adimu kwetu Shinyanga, hivyo alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake aliuvuta maisha yake yote. Jioni niliporudi malishoni, kabla sijatamka neno, alikwisha kunisogezea kata ya maji. Alizisoma hatua zangu tu.

Nilimkumbuka niliposoma habari za Hema Koppula na Ashutosh Saxena wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 2013 walieleza jinsi walivyoifundisha roboti kutazamia tendo la mtu. Roboti hutazama mwili wake na vitu vilivyo karibu naye, kisha hupima njia nyingi: huenda atakunywa, huenda atahamisha kikombe. Kila njia hupewa uzito wa uwezekano, na uzito huo hubadilika kadiri mkono unavyosogea. Kwa sekunde 1 ijayo ilipatia mara 82 katika 100. Kwa sekunde 10, mara 57 tu.

Majirani nao walimtazama bibi. Waliyaona macho yale yale, wakabashiri uchawi. Ndugu msomaji, Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa dalili hiyo. Sisi tulimtorosha bibi usiku, tukampeleka Geita kwa mjomba aliyekuwa akichimba dhahabu. Alifia huko, ugenini.

Je, kubashiri nia ya mwenzako ni kosa? Sidhani. Pale Geita, mvuta kamba juu ya duara hubashiri kutwa nzima hali ya mwenzake aliye chini, na kubashiri huko kunaokoa maisha. Kosa liko katika mambo mawili. Kwanza, roboti ile huacha nafasi ya kukosea na hurekebisha hesabu yake. Jirani hakuacha nafasi hata moja katika mia. Bibi akinyamaza, anaficha, akisalimia, analaghai. Hapakuwa na tendo lolote ambalo lingemtetea.

Pili, hata mtu angepatia mara 99 katika 100, bado ningeuliza: anabashiri ili afanye nini? Bibi alinibashiri ili anipe maji. Wao walimbashiri ili wamhukumu kwa jambo ambalo hakulitenda. Kata ya maji mtu huweza kuikataa, na aliyeitoa akacheka kwamba alikosea. Panga halikataliki.